Sindano ya 38,000: nani anapanga bei katika hospitali binafsi?

*"Asalaam aleikum daktari. Baba yetu ana miaka 71. Alishikwa na nimonia, tukamkimbiza usiku kutoka Bombo hadi hospitali binafsi Kampala. Kabla hajapokewa tuliambiwa tutangulize shilingi milioni mbili, na kaka yangu akatia saini fomu bila kuisoma. Mzee alilala siku tano chumba cha uangalizi wa karibu, alhamdulillahi akapata nafuu. Bili ikaja 6,340,000: chumba 3,000,000; oksijeni saa 48, 1,200,000; ziara sita za daktari, 900,000; maabara na eksirei, 450,000; vifaa vya matumizi, 410,000; na sindano kumi za seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, kila moja 38,000. Sindano hiyo hiyo famasi moja ya Wandegeya inauza 6,000! Kwa kuwa hatukuwa na pesa yote, walimzuia siku mbili baada ya daktari kumruhusu, kisha wakaongeza 500,000 za siku hizo mbili, jumla ikawa 6,840,000. Tumeuza ng'ombe na kukopa, tumelipa 4,940,000, na 1,900,000 tumesaini kulipa kwa miezi mitatu. Je, Uganda hakuna sheria inayopanga bei ya dawa? Na walikuwa na haki ya kumzuia mzee wetu?"*

Waaleikum salaam, dada yangu. Namshukuru Mungu kwamba mzee amerudi nyumbani, na poleni kwa ng'ombe wenu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, maana ndani yake mna mambo matatu yaliyofungwa pamoja: bei ya dawa, bei ya kila kitu kingine, na kuzuiwa kwa mgonjwa. Kila moja lina jibu lake na mlango wake wa kubisha. Nitaanza na lile lililokukasirisha zaidi, ingawa silo lililokula pesa nyingi zaidi.

Sheria ya kupanga bei ya dawa hatuna. Watu wengi hudhani NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, ndiyo yenye kazi hiyo, na kila bei inapopanda lawama huenda kwao. Sheria ya mwaka 1993 iliyoiunda iliipa kazi ya kuhakikisha dawa ni salama, ina ubora na inafanya kazi: kusajili dawa, kukagua viwanda na mizigo inayoingia, kutoa leseni kwa famasi na maduka ya dawa, kukamata dawa bandia. Ukiipelekea NDA kichupa chenye dawa iliyobadilika rangi, watashughulika. Ukiwapelekea risiti ya 38,000, hawana kifungu cha kumwadhibu aliyeiandika. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, linalotoa leseni kwa hospitali hizi na kusimamia maadili ya madaktari, nalo halina orodha ya bei ambayo hospitali ikiivuka inafungwa.

Hali hii ina chimbuko lake. Miaka ya tisini nchi yetu ilifungua biashara, bei zikaachiwa soko. Kisha mwaka 2001 serikali ikafuta malipo katika hospitali na vituo vyake vya afya, isipokuwa zile wodi za kulipia. Kwa hiyo jibu la serikali kwa bei kubwa lilikuwa: nenda kituo cha serikali, ni bure. Jibu hilo lina maana pale kituo kina dawa rafuni, kitanda kitupu na oksijeni. Likikosekana moja kati ya hayo, mtu hubaki mbele ya keshia wa hospitali binafsi bila pengine pa kwenda, na hapo hakuna tena soko. Ninyi mlifika usiku na mzee asiyeweza kuvuta pumzi. Hamkuwa wanunuzi wa kulinganisha bei.

Sasa tuiangalie hiyo sindano. Mimi ni mfamasia na nimefanya kazi ndani ya maduka ya dawa ya hospitali, kwa hiyo najua 38,000 hujengwaje. Kichupa chenyewe ni unga mkavu. Ili umfikie mzee lazima kuwe na maji safi ya kuyeyushia, sirinji, sindano, kanula mkononi, glavu, pamba na spiriti, na muuguzi wa kuchanganya, kudunga taratibu na kuandika saa kwenye faili. Wandegeya walikutajia bei ya kichupa peke yake. Kwa haki ya hospitali, lazima hayo yahesabiwe.

Lakini hata ukiyahesabu yote kwa ukarimu, hufiki 38,000. Kinachobaki ni faida inayowekwa juu ya dawa ili ilipe vitu ambavyo mgonjwa havioni kwenye bili: dizeli ya jenereta, mishahara ya usiku, riba ya mkopo wa benki, mashine zilizonunuliwa kwa dola, na kampuni za bima zinazochelewesha malipo miezi kadhaa. Hospitali huogopa kupandisha ada ya kumwona daktari kwa sababu hiyo ndiyo bei ambayo watu huuliza kwa simu kabla ya kuja. Bei ya sindano hakuna anayeuliza. Basi mzigo unahamishiwa huko. Na wewe unayelipa taslimu mara nyingi hulipa zaidi ya mgonjwa wa bima aliyelala kitanda cha jirani, kwa kuwa kampuni yake ilikaa mezani na hospitali mapema ikakubaliana bei, na ninyi mlikuwa na kalamu na fomu tu.

Kuna jambo moja lazima ulithibitishe kabla ya kumwita mtu mwizi. Seftriaksoni ina majina mengi ya kibiashara. Rocephin, ile ya kampuni iliyoigundua, ni ghali mno kuliko zile zinazotengenezwa na viwanda vingine, nyingi zikitoka India, ingawa dawa iliyomo ni ile ile. Omba hospitali ikuandikie jina la kibiashara lililotumika. Ikiwa ni la bei nafuu kama lile la Wandegeya, hoja yako ina nguvu. Ikiwa ni Rocephin, swali linageuka: nani aliwaambia kuna ya nafuu iliyosajiliwa na NDA, na kwa nini hamkupewa nafasi ya kuchagua?

Sasa chukua kalamu tupige hesabu. Sindano kumi kwa 38,000 ni 380,000. Kwa bei ya Wandegeya zingekuwa 60,000. Tofauti ni 320,000, na katika bili ya 6,840,000 hiyo ni chini ya shilingi tano katika kila mia. Hata Bunge lingepitisha kesho sheria ya kubana bei ya dawa mpaka ikalingana na famasi ya mtaani, ninyi mngebaki na bili ya 6,520,000, na ng'ombe mngeuza tu. Ndiyo sababu siungi mkono wale wanaosema tatizo litaisha tukidhibiti bei ya dawa. Kwa anayenunua dawa za presha au kisukari kila mwezi, naam, bei ya dawa ndiyo kila kitu. Kwa mgonjwa aliyelazwa, pesa kubwa iko kwenye kitanda, oksijeni, ziara za daktari, na ule mstari wa "vifaa vya matumizi".

Mistari hiyo ndiyo ya kuchunguza. Oksijeni mmetozwa 25,000 kwa saa. Je, mzee aliwekewa saa 48 kamili? Katika faili lake kuna karatasi ya wauguzi inayoonyesha kiwango cha oksijeni mwilini, lita alizokuwa akipewa kwa dakika, na saa aliyotolewa mpira puani. Mgonjwa wa nimonia anayepata nafuu hupunguziwa lita hatua kwa hatua, kisha anatolewa. Nimeona mara nyingi hesabu ya oksijeni ikiendelea kwa keshia wakati mgonjwa ameshaanza kunywa uji bila mpira. Si lazima iwe wizi. Mara nyingi muuguzi amesahau kufunga mstari kwenye kompyuta. Anayelipa kusahau huko ni ninyi.

Ziara sita za daktari kwa 150,000: kila ziara ya kweli huacha maandishi na saini kwenye faili. Zihesabu. "Vifaa vya matumizi" 410,000 bila maelezo sikubali kabisa, na wewe usikubali. Glavu, kanula, dripu na mirija vina idadi na bei, na viliandikwa vilipotolewa stoo. Hapa pia angalia kama sirinji na maji ya sindano yamehesabiwa tena, wakati tumekwisha kusema ndiyo yaliyotumika kuhalalisha 38,000. Kutoza kitu kimoja mahali pawili ni kosa ambalo mhasibu mwenyewe hawezi kulitetea ukimwekea kidole juu yake.

Umeuliza pia sheria iko wapi, na si wewe wa kwanza. Katika wimbi la pili la korona mwaka 2021, familia za Kampala zilidaiwa mamilioni kwa siku moja ya chumba cha mahututi, nyingine zikiombwa kutanguliza pesa ambazo hazijawahi kuziona. Suala hilo lilifikishwa mahakamani, na Julai 2021 Mahakama Kuu ikaagiza Waziri wa Afya na Baraza la Madaktari washughulikie ada za kutibu ugonjwa ule, zitolewe kanuni za kiasi kinachofaa. Nilifurahi siku hiyo, maana agizo lile lilionyesha kwamba bei ya matibabu inaweza kuwa suala la haki ya raia. Hata hivyo orodha ya bei inayozibana hospitali binafsi kwa kila ugonjwa hatujaipata.

Mwezi Machi mwaka huo huo Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa. Haukutiwa saini kuwa sheria, na Bunge lile likamaliza muda wake. Wengi waliona habari hiyo kama jambo la makato ya mishahara tu. Mimi naiona kama nafasi kubwa zaidi tuliyoipoteza katika suala hili la bei, kwa sababu mfuko mmoja unaonunua matibabu kwa ajili ya mamilioni ya watu unaweza kuiambia hospitali, "Kitanda hiki tutalipia kiasi hiki." Familia moja usiku haina ubavu huo.

Wenzetu wamejaribu njia mbalimbali. Afrika Kusini tangu 2004 kila dawa ya sekta binafsi ina bei moja ya kutoka kiwandani, na mfamasia huongeza ada yake ya kutoa dawa tu. Famasi zilipinga, na mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ikakubali mpango wa bei moja lakini ikasema ada waliyopangiwa wafamasia ilikuwa ndogo isivyofaa. India mwaka 2017 iliweka kikomo kwenye bei ya vile vibomba vya kupanulia mishipa ya moyo, ikashuka sana, lakini kitanda, chumba cha upasuaji na ada ya daktari havikuguswa na kikomo kile. Rwanda hapa jirani hutangaza viwango vya ada za huduma. Hapa kwetu wenyewe kuna mfano mwingine: Joint Medical Store ya Nsambya, iliyoanzishwa mwaka 1979 na ofisi za tiba za Wakatoliki na Waprotestanti, hununua dawa kwa pamoja kwa ajili ya hospitali za dini. Bei hushuka kwa nguvu ya wingi bila askari wala faini.

Ukiniuliza mimi, nisingeanza na kikomo kwa kila kitu. Kliniki ndogo ya Luweero ikibanwa bei iwe chini ya gharama yake, itafunga au itaanza kununua dawa hafifu, na hapo tutazika watu. Ningeanza na mambo mawili. La kwanza, kila hospitali itundike ukutani bei za huduma zake kuu na itoe bili yenye kila kitu kwa jina, idadi na bei, na hilo liwe sharti la leseni. La pili, kikomo kiwekwe pale mgonjwa asipoweza kuondoka: oksijeni, kitanda cha mahututi, damu, upasuaji wa uzazi, matibabu ya ajali saa za kwanza. Anayetaka chumba chenye televisheni na sofa, alipe wanavyokubaliana. Anayehema hawezi kujadili bei, na serikali isiyomsemea hapo imemwacha.

Sasa kuhusu kumzuia mzee. Hapa nitasema bila kupepesa macho: hospitali haina mamlaka ya kumfunga mtu kwa sababu ya deni. Ibara ya 23 ya Katiba imeorodhesha sababu ambazo mtu anaweza kunyimwa uhuru wake, na bili ya hospitali haimo. Deni ni madai ya kawaida. Mwenye kudai aende mahakamani. Aidha Hati ya Haki za Wagonjwa ya Wizara ya Afya, ya mwaka 2009, inasema mgonjwa wa dharura apewe huduma bila kudaiwa kwanza pesa ya kutanguliza. Hati hiyo si sheria ya Bunge, kwa hiyo haina meno yake yenyewe, lakini huwa vigumu kwa Baraza kuipuuza inapotajwa kwenye malalamiko. Ile 500,000 ya siku mbili za kuzuiwa ndiyo ya kupinga mwanzo kabisa. Daktari alishaandika mgonjwa aende nyumbani. Chumba hamkukiomba, na kilichowaweka pale hakikuwa tiba.

Fomu aliyosaini kaka yako isiwatishe sana. Kuahidi kulipa gharama za matibabu kunawafunga kulipa matibabu yaliyotolewa. Hakuwafungi kulipa oksijeni ambayo haikupumuliwa wala ziara ambayo haikufanywa.

Hivi ndivyo ningefanya mahali pako. Ningeandika barua fupi kwa mkurugenzi wa tiba wa hospitali, nakala kwa mhasibu, nikiomba bili yenye mchanganuo kamili, nakala ya muhtasari wa matibabu, karatasi ya oksijeni, na jina la kibiashara la seftriaksoni. Ningesema kwa heshima kwamba tunakubali tunadaiwa, tunapinga mistari ifuatayo, na tunaomba 500,000 ifutwe. Ningekwenda nayo mwenyewe nikapigiwa muhuri kwenye nakala yangu. Wakati huo huo ningeendelea kulipa kidogo kidogo ile sehemu isiyo na ubishi, kila mara kwa risiti, maana anayelipa husikilizwa tofauti na anayekimbia. Hospitali nyingi, nazijua, hupunguza bili mara tu zinapoona mtu anauliza faili badala ya kulia kwenye korido.

Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno kuhusu kutozwa pasipo huduma na kuombwa pesa kabla mgonjwa wa dharura hajahudumiwa, na kwa Tume ya Haki za Binadamu kuhusu kuzuiwa. Asasi kama CEHURD ya Kampala zimesimamia kesi za haki ya afya, na HEPS-Uganda imefuatilia bei za dawa kwa miaka. Zote zinaweza kukuelekeza. Mkifikishana mahakamani, deni lenu liko chini ya milioni kumi, kiwango cha utaratibu wa madai madogo mbele ya hakimu, ambako unaongea mwenyewe bila wakili.

Mambo matatu usiyafanye. Usiwaachie kitambulisho cha taifa cha mzee. Usisaini karatasi yoyote inayotaja kibanja au shamba kama dhamana. Na usiandike hundi ya tarehe ya mbele ukitumaini pesa itapatikana, kwa sababu hundi ikirudi deni la kawaida linaweza kugeuka kesi ya jinai.

Ukihitaji msaada wa ana kwa ana, upo wa aina mbili. Wa kwanza ni wakili au ofisa wa Tume, na huyo muone mapema ikiwa hospitali itawatumia watu wa kukamata mali, itakataa kutoa muhtasari wa matibabu, au itamzuia tena mgonjwa yeyote wa familia. Siku ikitokea hivyo, piga ripoti polisi saa hiyo hiyo, ukitaja neno kuzuiwa, mbali na suala la pesa.

Wa pili ni wa mzee mwenyewe, na huo usiusahau kwa sababu ya hasira ya bili. Kama alipewa vidonge vya kumalizia nyumbani, avimalize hata kama anajisikia mzima. Vichukue hivyo vidonge na karatasi yake kwa mfamasia aliyesajiliwa, yule mwenye leseni ya NDA ukutani, akuhakikishie dozi na akutajie dawa ya nafuu yenye kazi ile ile kabla hujanunua nyingine. Akirudiwa na homa, akianza kuhema haraka, kuchanganyikiwa au kukohoa damu, msingoje pesa. Mpelekeni siku hiyo hiyo hospitali ya serikali iliyo karibu nanyi, mkiwa na ule muhtasari mkononi, ili daktari ajue alikwisha pata dawa gani na kwa siku ngapi.